Tamil Nadu au Karnataka? Njia mbili za mahekalu ya kale kusini mwa India, kwa mwenye gari na wiki moja

Watu wa kwetu wanaofika kusini mwa India, wengi hawakuondoka nyumbani kwenda kutalii. Mmoja amempeleka mzazi kutibiwa Chennai, mwingine ana mtoto anayesoma Bengaluru, wa tatu kafuata mashine na bidhaa za duka lake. Halafu wiki moja inabaki mkononi: daktari kasema mrudi tarehe fulani, au chuo kimefungwa. Hapo swali linazuka. Tukodi gari tukaone yale mahekalu ya kale ya Kihindu, sawa, lakini tushike njia ipi?

Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara najikuta narudia maelezo yale yale. Nimepita njia zote mbili kubwa: ya jimbo la Tamil Nadu nikiwa na mama mdogo mwenye magoti mabovu, ya jimbo la Karnataka nikiwa na binamu zangu wawili wasiojua kuchoka. Sitazunguka mbuyu. Ukiwa na siku saba, chagua moja; ukizichanganya utaona lami tu. Na unapochagua usitazame picha za minara, maana minara iko kote. Jiulize kama unataka kuingia nyumba yenye mwenyewe au kutembea kwenye mahame.

Tamil Nadu, mengi ya mahekalu makubwa bado yana mwenyewe. Mungu wa pale, yaani sanamu yake, huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hulishwa. Adhuhuri hupumzika na milango ikafungwa. Jioni hupokea wageni tena, na usiku hulazwa. Wewe ni mgeni, na mgeni hufuata ratiba ya mwenye nyumba. Karnataka, hasa Hampi, mwenye nyumba alishahama zamani. Unakaa kwenye kivuli cha nguzo saa nane mchana na hakuna anayekuuliza lolote. Aliyewahi kutembea Kilwa Kisiwani au Gede akausikia ule ukimya wa mji ulioachwa, ataielewa Hampi kabla hajaelezwa.

Barabara zenyewe

Njia ya Tamil Nadu huanzia Chennai. Unashuka na barabara ya pwani kama km 60 hadi Mahabalipuram, unaendelea Puducherry, kisha Chidambaram, Gangaikonda Cholapuram, Kumbakonam pamoja na jirani yake Darasuram, Thanjavur, Tiruchirappalli penye Srirangam, na mwisho Madurai. Vipande ni vifupi: km 40, km 60, mara chache karibu 100. Kirefu kuliko vyote ni cha Tiruchirappalli hadi Madurai, kama km 135. Ukiongeza kurudi Chennai, km 460 hivi kwa barabara kuu, safari nzima inakaribia km 1,000.

Ya Karnataka huanzia Bengaluru. Unakwenda Hassan, kama km 185, unalala hapo ili uone Belur na Halebidu, ambayo yamepishana km 16 tu. Kisha unapanda kaskazini kupitia Chitradurga hadi Hampi, km 300 na ushei. Kutoka Hampi hadi Badami ni kama km 140, na kutoka Badami unafanya mzunguko mfupi wa Pattadakal na Aihole. Kurudi Bengaluru ni km 450. Jumla yake ni km 1,200 hivi.

Tofauti ya km 200 isikudanganye kuwa ni ndogo. Tamil Nadu unashuka garini kila baada ya saa moja au mbili, unakunywa kahawa, unanyoosha miguu. Karnataka una siku mbili za kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, ukiangalia mashamba ya alizeti na pamba na miamba iliyopangwa kama mtu kaimwaga kwa sepetu. Mimi nazipenda siku hizo. Mama mdogo asingezistahimili.

Mwenye nyumba akilala

Safari nyingi za Tamil Nadu huharibikia saa sita mchana. Mahekalu yanayofanya ibada hufungwa saa sita au sita na nusu, na hayafunguliwi hadi kama saa kumi jioni. Sisi tulijifunza kwa kuumia: siku ya pili tulifika mji mmoja saa sita kasorobo, tukavua viatu, tukapanga foleni, na mlango ukafungwa mbele ya pua zetu. Mama mdogo alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. "Tumekuja kwa mtu bila hodi," alisema.

Tangu siku hiyo ratiba yetu ilikuwa hivi: hekalu moja asubuhi sana, barabara wakati wa jua kali, hekalu la pili jioni. Na jioni ndiyo yenye uhondo. Mawe yamepoa, wanawake wameshika vikapu vya jasmini, taa za mafuta zimewashwa, na familia zimekaa uani zikila kama zimekuja ufukweni.

Hilo la mawe kupoa si dogo. Viatu vinaachwa nje, na mawe ya ua saa saba mchana ni kikaango. Soksi kwa kawaida zinaruhusiwa. Chukua jozi mbili nene ambazo huna uchungu nazo. Kina mama, khanga moja mkobani inatosha kwa mabega na magoti. Kina baba, kaptura iacheni hotelini.

Karnataka shida hii ni ndogo. Hampi, Badami, Aihole na sehemu kubwa ya Pattadakal ziko chini ya idara ya mambo ya kale ya serikali kuu, na unaingia mchana kutwa. Unacholipa ni kiingilio. Mgeni hulipa rupia 600 kwenye maeneo makubwa kama hekalu la Vittala la Hampi, na Mtanzania au Mkenya hapo ni mgeni kamili, wakati Mhindi hulipa 40. Tiketi ya Vittala usiitupe, siku hiyo hiyo inakuingiza pia kwenye maboma ya kifalme. Tamil Nadu, Mahabalipuram ina kiingilio hicho hicho, lakini Thanjavur, Chidambaram na wenzao hawauzi tiketi ya kuingia. Kuna sanduku la sadaka tu, nalo limeandikwa "hundi". Mama mdogo, aliyefanya kazi benki miaka mingi, aliligonga mara mbili kwa kidole akauliza kama nao wanapokea za tarehe ya mbele.

Madurai au Chidambaram

Watamil wana utani wa kumuuliza mtu mwenye ndoa: kwako ni Madurai au Chidambaram? Maana yake, nani mwenye kauli nyumbani. Madurai mwenye hekalu ni Meenakshi, mke. Waumini huanza kwake, ndipo waende kwa mumewe Sundareswarar, ambaye ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Chidambaram mwenye nyumba ni Shiva mwenyewe, akicheza ngoma ndani ya duara la moto, chini ya paa lililofunikwa dhahabu. Utani huu unasaidia kuliko vitabu vya watalii, kwa sababu nyumba hizi mbili zina tabia tofauti kweli.

Madurai ni kelele. Hekalu limekaa katikati ya mji kama kitovu, mitaa ikilizunguka mraba ndani ya mraba, na baadhi ya mitaa hiyo ina majina ya miezi ya Kitamil. Minara ya malango, ambayo wenyewe huiita gopuramu, iko 14. Ule wa kusini ndio mrefu kuliko yote, mita 52 hivi. Yote imejaa sanamu zilizopakwa kijani, waridi na buluu. Mgeni aliyezoea magofu ya kijivu hudhani jengo la kale limechafuliwa. Halijachafuliwa. Hekalu hai hupakwa rangi upya, kama msikiti wa zamani unavyopigwa chokaa na hakuna anayesema umepoteza ukale wake. Isitoshe, sehemu kubwa ya unachokiona ni ya watawala wa Kinayaka, karne ya 16 na 17. Kwa umri Madurai ni kijana mbele ya Thanjavur.

Sasa jambo ambalo lazima ulijue kabla hujaendesha km 460: asiye Mhindu haingii patakatifu. Kibao kipo, na walinzi wako macho. Unaruhusiwa kutembea kwenye korido ndefu, kando ya bwawa, na ndani ya ukumbi unaoitwa wa nguzo elfu, ambao una nguzo 985 (nimesoma, sikuhesabu). Simu haiingii kabisa. Unaiacha langoni na kupewa kikaratasi. Binamu zangu waliposikia hivyo walisema hawaendi. Mimi nasema saa mbili bila simu ndani ya Madurai ni sehemu ya utamu wake.

Ukifika, usiondoke kabla ya saa tatu usiku. Kila usiku nyayo za Sundareswarar hubebwa kwenye machela ya fedha kupelekwa chumbani kwa mkewe. Kuna ngoma, kuna zumari ndefu inayolia kama ya harusi za pwani lakini kwa sauti nene zaidi, kuna moshi wa ubani na watu wanaopepea. Asiye Mhindu anaona kipande cha msafara tu, kisha unapotelea mlangoni. Kipande hicho kilinitosha.

Srirangam nayo ina mpaka wa namna hiyo, lakini ukubwa wake unafariji. Iko kwenye kisiwa cha mto Kaveri, na ina kuta saba, moja ndani ya nyingine, zenye minara 21. Kuta za nje zimezunguka nyumba za watu, maduka ya vyombo, vinyozi na bajaji. Unapita malango mawili matatu ukidhani uko sokoni, kumbe umeshaingia hekaluni muda mrefu. Mnara mkubwa wa nje, wenye mita 72 hivi, ulikamilishwa mwaka 1987. Nadhani ndiyo maana nalipenda: bado wanajenga.

Jiwe gumu na jiwe laini

Kama unachotafuta ni kazi ya mkono, basi ulinganisho wa kweli ni Thanjavur dhidi ya Halebidu, na hapa njia zote mbili zina hoja.

Thanjavur ni ya Rajaraja I, mfalme wa Wachola, na ilikamilika mwaka 1010. Mnara wake wa kati unapita mita 60, wote wa granaiti, jiwe lisilopatikana karibu na mji ule. Hapa mnara mkubwa uko juu ya patakatifu penyewe, na malango ni mafupi. Madurai ni kinyume chake. Ukisimama uani saa kumi na moja jioni, jiwe likigeuka rangi ya asali, huhitaji mtu wa kukuelezea. Viongozi wa watalii watakwambia kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Uongo mtupu, nimekikanyaga.

Kinachostahili muda wako ni sehemu ya chini ya kuta, ambayo watu huipita. Imeandikwa Kitamil cha kale tangu kona hadi kona, na ni daftari la hesabu: dhahabu na vito alivyotoa mfalme, wacheza ngoma 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa, wachungaji waliokabidhiwa kondoo 96 kwa kila taa ili samli isikatike. Mfalme aliyejenga mnara ule mkubwa alihangaika pia na samli ya taa moja. Sijui jengo jingine linaloniweka karibu hivyo na watu waliolifanyia kazi.

Halebidu na mwenzake Belur ni za Wahoysala, nasaba ya wafalme wa Karnataka. Belur ilizinduliwa mwaka 1117 na mfalme Vishnuvardhana, na Halebidu ilianza miaka michache baadaye. Usitafute urefu, kwa mbali zinaonekana kama maghala yaliyopambwa. Siri iko kwenye jiwe. Wahoysala walichonga jiwe la sabuni, ndugu wa lile linalochongwa Tabaka kule Kisii: likitoka machimboni ni laini, linakubali patasi ndogo kama mti, kisha hewa inaligumisha. Kwa hiyo wakachonga vitu ambavyo granaiti isingekubali: shanga zilizoachana na shingo, kucha za vidole, ngozi ya ngoma iliyokazwa kwa kamba. Sehemu ya chini ya Halebidu ina mikanda inayozunguka jengo zima, tembo chini, simba juu yao, wapanda farasi, kisha hadithi za Ramayana na Mahabharata, tenzi kuu za Kihindu. Na wachongaji waliweka majina yao. Somanathapura, hekalu la tatu la kundi hili, la mwaka 1258, karibu na Mysuru, utaona sahihi ya Mallitamma mara kadhaa. Thanjavur daftari linamtaja hata mchungaji wa taa. Huku fundi amejitaja mwenyewe.

Hukumu yangu: Thanjavur inakupiga kwa dakika moja, Halebidu inataka saa mbili na kiongozi mzuri. Bila kiongozi utaona sanamu nyingi, utachoka, utatafuta soda. Binamu yangu mmoja alifika kwenye soda ndani ya dakika ishirini.

Na kama Thanjavur itakukuta na umati, nenda Gangaikonda Cholapuram, kama km 70 kutoka hapo. Aliijenga Rajendra, mwana wa Rajaraja, baada ya jeshi lake kufika hadi mto Ganges. Jina lenyewe maana yake ni mji wa Mchola aliyeichukua Ganges. Mnara wake ni mfupi kidogo kuliko wa baba. Wengine husema ni heshima ya mtoto. Mji mkuu wa Wachola uliokuwa pale umetoweka, limebaki hekalu na majani. Mbuzi wengi kuliko watalii. Ni hilo na Mahabalipuram, yenye vibanda vitano vya nasaba ya Wapallava vilivyochongwa kutoka mwamba mmoja mmoja katika karne ya 7, ndizo sehemu za Tamil Nadu zinazompa mtu utulivu wa Karnataka.

Hampi, siku mbili au usiende

Hampi ilikuwa Vijayanagara, mji mkuu wa dola ya jina hilo, uliosimama tangu karne ya 14 hadi mwaka 1565, majeshi ya masultani wa Dekani yaliposhinda vita vya Talikota na mji ukaporwa kisha ukaachwa. Wareno walioipora Kilwa mwaka 1505 walikuwa njiani kwenda India hii hii, na miaka 15 hivi baadaye Mreno mwenzao Domingo Paes aliuona mji huu ukiwa hai akaandika jinsi soko lake lilivyojaa. Leo soko hilo ni safu mbili za nguzo na nyani.

Mabaki yanapita 1,600, yametawanyika kando ya mto Tungabhadra kati ya vilima vya mawe makubwa ya mviringo. Ndiyo maana siku moja haitoshi. Siku ya kwanza fanya kando ya mto: hekalu la Virupaksha, kisha njia ya miguu hadi Vittala penye gari la mawe, lile lililo kwenye noti ya rupia 50. Nguzo za Vittala hutoa sauti zikigongwa, na kuzigonga kumekatazwa; mlinzi atakupigia mluzi hata ukiinyooshea kidole. Siku ya pili fanya upande wa kifalme, mabanda ya tembo, mabwawa, jukwaa lenye michoro ya wafanyabiashara wa farasi walioletwa kwa bahari kutoka Arabuni. Msomaji Mwislamu aulizie pia msikiti wa Ahmad Khan, afisa wa jeshi la mfalme, wa mwaka 1439. Wengi huupita bila kujua ni nini.

Virupaksha ni kighairi cha Hampi: mwenyewe yupo. Ibada inaendelea, tembo wa hekalu anaogeshwa mtoni asubuhi, na kwenye chumba kimoja kidogo cha nyuma kivuli cha mnara kinaingia kupitia tundu na kuonekana kimepinduka ukutani, kichwa chini. Binamu aliyekimbilia soda Halebidu alikaa mbele ya kivuli kile nusu saa.

Badami, Pattadakal na Aihole nitazipitia haraka, si kwa dharau. Ni za nasaba ya Wachalukya, karne ya 6 hadi ya 8, na pango la tatu la Badami lina tarehe yake, mwaka 578. Mwamba mwekundu, bwawa la kijani, ngazi nyingi. Kama una siku tano tu Karnataka, kata sehemu hii, baki na Hampi na Wahoysala.

Gari na dereva

India huendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo mikono haitasahau. Hata hivyo sikushauri uendeshe mwenyewe. Matuta hayana alama, pikipiki huja upande usio wake, na basi la abiria halina breki bali honi. Kodi gari pamoja na dereva. Ndivyo wenyeji wenyewe wanavyofanya.

Hesabu ya gari ni kwa kilomita, na kwa kawaida kuna kima cha chini cha km 250 au 300 kwa siku, uende usiende. Hapo Tamil Nadu unaumia kidogo: unatembea km 60 na kulipia 250. Karnataka kilomita unazitumia kweli. Juu yake kuna posho ya dereva ya kila siku, ushuru wa barabara kuu, na ukivuka mpaka wa jimbo, kodi ya kibali cha gari. Hiyo kodi ni sababu nyingine ya kukaa jimbo moja. Kumbuka pia kwamba ukiachana na gari Madurai, utalipia lirudi Chennai.

Dereva mwite "anna", yaani kaka mkubwa, hata kama ni mdogo kwako, mwanamke "akka". Majimbo yote mawili wanaelewa. Wa kwetu walikuwa wawili tofauti, na wote walibadilika sura siku ya kwanza niliposema neno hilo. Kichwa kikitikiswa kushoto na kulia, usidhani umekataliwa. Mara nyingi ni ndiyo.

Chakula si hoja ya kuchagulia, kote utakula vizuri na miji ya mahekalu hula bila nyama. Ila Tamil Nadu, ukiona muuzaji ana kikaango chenye vishimo, simama. Wanaita paniyaramu, na mama mdogo alitafuna kimoja akatangaza kwamba ni vitumbua vilivyopotea njia.

Mvua, jua na mahujaji

Miezi nayo inaweza kukuchagulia. Mvua za Juni hadi Septemba huigusa zaidi Karnataka. Tamil Nadu husubiri upepo wa kaskazini-mashariki, huo huo tunaouita kaskazi, na hunyeshewa Oktoba hadi Desemba, wakati mwingine kwa mafuriko. Kwa hiyo likizo yako ikiangukia Oktoba au Novemba, Karnataka. Aprili na Mei ni joto la kuchoma kote. Hampi ni mawe matupu, na mawe hayo hukurudishia jua hadi usiku. Januari na Februari ni salama kwa zote mbili, isipokuwa tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari mahujaji wa Sabarimala, hekalu la milimani Kerala, waliovaa nyeusi, hujaza mabasi, barabara na mahekalu ya njiani.

Na Kerala, jimbo jirani? Wengi huuliza. Hekalu la Padmanabhaswamy la Thiruvananthapuram, Guruvayur, na Vadakkunnathan la Thrissur haziruhusu wasio Wahindu kuingia ndani kabisa. Kerala nenda kwa maji na milima yake. Usiifanye safari ya mahekalu kama utaishia kupiga picha ukuta.

Nani aende wapi

Mwenye mzazi au watoto wadogo: Tamil Nadu, vipande vifupi, hoteli kila mji, hospitali karibu. Kata Madurai kama muda ni mfinyu, ishia Srirangam. Mwenye magoti mabovu aiogope Badami, na Hampi aende na bajaji ya kutwa.

Anayetaka kuona watu wakiishi na jengo lenye miaka elfu: Tamil Nadu, bila kufikiri mara mbili. Anayekereka na vibao vya "usipite hapa": Karnataka. Mpiga picha: Karnataka. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo: Karnataka pia, na wanne mkichangia gari, ile hesabu ya kilomita inakuwa nyepesi.

Mimi, nikipewa wiki moja kesho, nitarudi Tamil Nadu, nilale Kumbakonam siku tatu nisiende mbali.

Mwenye siku 12 anaweza kuvunja sheria yangu, na afanye hivi. Aanzie Chennai, aishie Pattadakal. Asubuhi ya kwanza aende Kanchipuram, km 75 hivi, kwenye hekalu la Kailasanatha la Wapallava. Karne ya 8, Vikramaditya II, mfalme wa Wachalukya, aliuteka mji huo. Hakulipora hekalu, alilirudishia mali yake na kuacha maandishi ya Kikannada juu ya nguzo, ndani ya nchi ya Kitamil, yakieleza alichofanya. Nyumbani kwake, mkewe Lokamahadevi akajengesha hekalu la kukumbuka ushindi ule, kwa mtindo ule ule wa Kanchipuram. Ndilo hekalu la Virupaksha la Pattadakal, si lile la Hampi. Liko katikati ya mahame, limezungukwa na majengo yasiyo na mtu, lakini hilo moja lina kuhani na taa inawaka. Viatu utavua.